Maji Meusi ya Kwenye Mafunjo Yana Kazi Yake

Ukiingiza mtumbwi ndani ya mafunjo ya Ziwa Victoria utakuta maji meusi, yametulia tuli, yananuka majani yaliyooza. Wengi huamini hapo hakuna samaki wa maana, kwa hiyo mafunjo yakifyekwa kupisha bustani hakuna anayelalamika.

Hebu tuangalie weusi huo. Mafunjo huzuia mwanga na upepo, na majani yanayooza hula oksijeni iliyomo majini mpaka inabaki kidogo mno. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuchangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, hayawezi maji ya namna hiyo. Baadhi ya furu wanayaweza. Kaa kimya alfajiri utawaona wamepanga midomo juu kabisa, wakivuta ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Furu wa humo hata matamvua yao ya kupumulia huwa makubwa kuliko ya wenzao wa maji wazi. Kambale na kamongo ndio hawana wasiwasi kabisa, maana huibuka na kuvuta hewa. Kamongo dume hubaki humo humo akilinda mayai na watoto kiotani.

Ukifyeka, upepo unaingia, oksijeni inapanda, na sangara anafuata.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkulima hapendi kuisikia, na simlaumu: kiangazi kikikolea, udongo wenye unyevu uko hapo tu. Kukata mafunjo ya mikeka kwa zamu hakuna ubaya, kwani huchipua tena kwenye mashina yaliyolala matopeni. Moto ni habari nyingine. Tope likiwa limekauka, unashuka hadi kwenye mashina yenyewe.

Kwangu mimi, wakati wa hatari zaidi ni mvua za kwanza. Kambale hupanda vijito na kuingia kwenye nyasi zilizofurika ili kutaga. Anayeziba kijito kizima kwa wavu au safu ya migono, mitego ya kusukwa, huwanasa wakiwa na mayai tumboni. BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, inaweza kupatana na wavuvi waache nusu ya mkondo wazi majuma hayo ya mwanzo. Migono itegwe maji yanaposhuka, kambale wanaporudi ziwani, tena iwe na nafasi za kupitisha watoto wao.