Luxembourg na watoto: lala mahali pamoja, zunguka bila nauli

Ramani ya Luxembourg huwadanganya watu. Wanaona nchi yenye urefu wa kilomita 82 na upana wa kilomita 57, basi wanapanga usiku mmoja mji mkuu (nao unaitwa Luxembourg), mmoja Vianden, mmoja Echternach, halafu nyumbani. Nikipangia familia safari, mpango huo wa kuhamahama ndio wa kwanza kuufuta. Hoteli nyingi hazikupi chumba kabla ya alasiri, na asubuhi zinataka utoke. Ukiwa na watoto watatu na masanduku manne, kila kuhama kunakula nusu siku. Isitoshe, ni nchi ya mabonde, na ukitoka mji mdogo kwenda mji mdogo mwingine mara nyingi itakubidi urudi kwanza kwenye kituo kikubwa ndipo upande gari lingine. Chagua mahali pamoja pa kulala, penye kituo cha treni, na utoke hapo kila asubuhi na mfuko mmoja mgongoni.

Hilo linawezekana kwa sababu tangu tarehe 29 Februari 2020 treni, mabasi na tramu ni bure nchi nzima, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Hakuna tiketi, hakuna kadi, hakuna kujiandikisha. Unapanda tu. Tramu nayo inafika uwanja wa ndege wa Findel, kwa hiyo mkishatua hamna haja ya teksi.

Kuna mipaka miwili ambayo familia huikosea. Kwanza, daraja la kwanza kwenye treni bado linalipiwa. Mabehewa yake yana namba 1 mlangoni au ukutani, na watoto hukimbilia huko kwa sababu viti viko vitupu. Waelekeze kwenye namba 2 kabla hamjapanda. Pili, ubure unaishia mpakani. Ukichukua treni ya kwenda Trier, Ujerumani, kituo cha mwisho cha Luxembourg ni Wasserbillig, na kuanzia hapo unatakiwa uwe umeshanunua tiketi ya upande wa pili. Ni hivyo hivyo kwa njia za Ufaransa na Ubelgiji.

Sasa malazi, maana hapo ndipo pesa inapokwenda. Mjini Luxembourg kuna mabenki mengi, na kwenye mtaa wa Kirchberg kuna Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wanaojaza hoteli kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ni watu wa kazi wanaolipiwa na ofisi zao. Ijumaa wanaondoka, bei inashuka, na mwezi wa Agosti hushuka vilevile. Ndiyo sababu ninapenda familia iingie Ijumaa na kutoka Jumatatu au Jumanne. Kama tarehe zenu lazima ziangukie katikati ya wiki, laleni Ettelbruck, kwenye reli ya kaskazini, karibu nusu saa kwa treni kutoka mjini. Nauli ni sifuri, kwa hiyo kulala mbali hakuongezi gharama yoyote.

Familia ya watu watano isijaribu kujibana kwenye chumba cha watu wawili. Hoteli nyingi hazikubali, na hiyo nafasi iliyoandikwa watu wawili itawaharibia maombi ya viza pia. Tafuteni hosteli za vijana, ambazo licha ya jina hupokea familia na zina vyumba vyenye vitanda vinne au sita. Iliyopo mjini iko bondeni Pfaffenthal, na nyingine ziko Vianden, na Echternach kando ya ziwa.

Kuhusu viza, wanaoishi Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi wakiwa na kibali cha ukaazi waruke aya hii. Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na udogo wa Luxembourg ndio unaoleta utata, kwa sababu karibu kila familia huiunganisha na Paris au Brussels. Kanuni inatazama idadi ya siku: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Nchi ya kuingilia huamua pale tu siku zinapolingana. Usiku nne Luxembourg na tatu Paris, maombi ni ya Luxembourg, hata kama ndege inatua Paris. Luxembourg haina ubalozi kila mahali, kwa hiyo uliza kwanza ni ubalozi wa nchi gani unaopokea maombi yake pale ulipo.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukikataliwa, ada hairudi. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua yuro 30,000 na itumike nchi zote za Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo 15, kwa sababu uamuzi wenyewe huchukua siku 15 na wanaruhusiwa kuurefusha hadi 45. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, iwepo barua yake ya idhini iliyoshuhudiwa na mwanasheria. Kisha kaa na karatasi zote mezani uhesabu usiku mmoja mmoja: ndege, hoteli na ratiba viseme tarehe zilezile. Usiku mmoja usio na mahali pa kulala unatosha kuzua maswali.

Siku ya kwanza ibaki mjini, na kuna mzunguko mmoja ambao watoto hawauchoki. Panda tramu hadi kituo cha Rout Bréck-Pafendall, kwenye daraja jekundu. Hapo ingia kwenye kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba, kinachoshuka mteremko mpaka kituo cha treni kilicho bondeni kwa dakika moja hivi. Kaeni dirisha la mbele. Chini tembeeni kupitia Pfaffenthal, nyumba kuukuu upande huu na mto Alzette upande ule, mpaka kwenye lifti ya vioo. Ina urefu wa mita 71, na ukifika juu unaona daraja lile mlilotoka likiwa limekatiza bonde zima. Vyote hivi ni bure. Mkishafika juu mnakuwa kwenye mji wa juu. Mkimaliza kuutembea, lifti nyingine iliyochimbwa ndani ya mwamba inawashusha Grund, mtaa wa bondeni. Kigari cha mtoto kinapita njia yote hii bila ngazi.

Kigari cha mtoto hakipiti kwenye mahandaki ya Bock, yaliyochimbwa ndani ya mwamba mjini. Mahandaki haya Wahispania walianza kuyachimba mwaka 1644, na baada ya mkataba wa London wa 1867 kuamuru ngome ya mji ibomolewe, bado zilibaki kilomita 17 za njia chini ya ardhi. Kuna ngazi za kuzunguka, nyembamba, na dari inainama. Mtoto mdogo abebwe mgongoni kwa mbeleko. Kuna baridi hata Julai, basi mkononi muwe na masweta.

Vianden ni safari ya siku moja: treni hadi Ettelbruck, halafu basi. Kasri iko juu kabisa, na kiti cha kamba kinachopanda mlima hufanya kazi msimu wa joto tu. Wanaokwenda Desemba wajue watapanda kwa miguu.

Mkienda mwishoni mwa Agosti, uwanja wa Glacis mjini una Schueberfouer, maonyesho yenye bembea na vyakula ambayo historia yake inaanzia 1340. Hapo onjeni Gromperekichelcher, viazi vilivyokunwa vikachanganywa na kitunguu, mayai na unga, vikakaangwa kama kachori bapa. Wasiokula nguruwe wafanye uangalifu mahotelini: chakula cha taifa, Judd mat Gaardebounen, ni shingo ya nguruwe na maharage, na hata supu ya maharage mabichi, Bouneschlupp, mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Uliza kila mara, hata kwa supu. Nunueni mahitaji ya Jumapili siku ya Jumamosi, kwa kuwa maduka mengi Jumapili hufungwa au hufungua asubuhi tu. Na mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo watoto hawatakubali kuwa ni wakati wa kulala. Hakikisheni chumba kina pazia zito.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ya Echternach na miamba ya Mullerthal. Basi la kutoka mjini huchukua takriban saa moja. Kutoka Echternach njia inapanda msituni hadi Wolfsschlucht, ufa mkubwa kati ya kuta mbili za mwamba wa mchanga, wenye ngazi za mawe na giza la kutosha kuhitaji tochi. Ukiendelea mpaka Berdorf ni kama kilomita 6, na kwa mtoto wa miaka saba hesabu saa tatu pamoja na kupumzika. Kigari cha mtoto kibaki mlikolala. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ngazi zile huota utelezi kwa sababu jua halifiki humo chini, na viatu vyenye soli laini ndivyo vinavyoangusha watu. Huhitaji kurudi kwa miguu, kwani Berdorf kuna basi. Saa zake zitazame kwenye programu ya mobiliteit.lu kabla hamjaingia msituni na uziandike kwenye karatasi, maana kati ya kuta zile mtandao wa simu huweza kukatika.