Kinu kilichoshindwa na ufa: dhana na ukweli kuhusu Bodega Head

Umeme ukikatika Goma, mashariki mwa Kongo, hakosi mtu wa kusema kwamba nchi yenye urani ya mgodi wa Shinkolobwe ingejenga kinu cha nyuklia, yakaisha. Kabla ya kufika huko, kijue kisa cha Bodega Head, rasi iliyo kaskazini mwa San Francisco, California. Kampuni ya umeme ya PG&E ilitaka kujenga pale kinu cha megawati 325, ikachimba shimo la msingi, kisha mwaka 1964 ikaondoka. Sisi tunaoishi juu ya bonde la ufa, kisa hicho kinatuhusu kuliko watu wa Kinshasa.

"Kinu hulipuka kama bomu la Hiroshima."
Hapana. Urani ya bomu lile, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, ilirutubishwa, yaani sehemu yake inayopasuka kirahisi iliongezwa, hadi kama asilimia 80. Ya kinu cha kawaida ni asilimia 3 hadi 5. Hatari ya kinu ni joto. Hata kikizimwa, mafuta yake, yaani urani iliyo ndani, huendelea kutoa kama asilimia 6 ya joto la awali, na saa moja baadaye bado ni zaidi ya asilimia 1. Pampu zikisimama au bomba likikatika, maji huchemka yakaisha, mafuta yakayeyuka. Fukushima, Japani, mwaka 2011 vinu vilivyokuwa kazini vilizimika vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ndiyo iliyonyima pampu umeme.

"Waliopinga hawakujua sayansi."
Walikuwapo wavuvi, na Rose Gaffney aliyeng'ang'ania ardhi yake. Lakini alikuwapo pia Joel Hedgpeth, mtaalamu wa viumbe vya bahari, na Pierre Saint-Amand, mtaalamu wa matetemeko aliyekagua mwamba mwaka 1963 akaonya. Baadaye wanajiolojia wa serikali walikuta ufa, yaani mpasuko wa mwamba ambao pande zake zinaweza kuhama, ndani ya shimo lenyewe. Maputo 1,500 yaliyoachiwa angani mwaka huo kuonyesha upepo ungepeleka mionzi wapi yalivuta macho ya watu. Ufa ndio uliovuta macho ya wakaguzi.

"Msingi imara hustahimili tetemeko lolote."
Hapa ndipo wengi hukosea, hata wajenzi. Tetemeko lina mambo mawili: ardhi kutikisika, na ardhi kuhama. Mtikisiko hupigiwa hesabu: nondo zaidi, kuta nene, mashine zilizofungwa barabara kwenye sakafu. Kuhama ni jambo lingine kabisa. Upande mmoja wa ufa unakwenda huku, mwingine kule, na hakuna zege inayoweza kuzishika pande hizo mbili. Tuliliona Mei 2021 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka: nyufa zilipita barabarani na chini ya nyumba bila kuuliza kiasi cha sementi kilichotumika.

Ukanda wa ufa wa San Andreas ulipita kama mita 300 kutoka mahali pa kinu. Mwaka 1906, kusini kidogo ya hapo, ardhi ilihama karibu mita 6 kwa mara moja. PG&E ilipendekeza jengo la kinu likae juu ya tabaka la mchanga, lizungukwe na vitu laini, ili mwamba uweze kusogea kama sentimita 60 bila kulibana. Wazo la werevu, lakini mabomba yaliyounganisha jengo hilo na nje nayo yangelazimika kufuata mwendo huo bila kukatika. Kamati ya washauri wa serikali iliridhika. Wakaguzi wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani hawakuridhika: tarehe 27 Oktoba 1964 waliandika kwamba mbinu hiyo mpya haijathibitishwa kwa majaribio.

"Shimo likishachimbwa, mradi hausimami."
Ulisimama siku tatu baadaye. Shimo, lenye kina cha mita 21 hivi, sasa ni bwawa ndani ya hifadhi ya jimbo. Kampuni hiyohiyo ilijenga kituo cha nyuklia cha Diablo Canyon, ufa wa Hosgri ukagunduliwa baharini karibu nacho wakati ujenzi umeshakwenda mbali, na umeme wa biashara ukaanza kutoka mwaka 1985 tu.

"Tuna urani, tunakosa nini?"
Kinshasa ilipata kinu cha utafiti mwaka 1959, lakini hakikuzalisha umeme wa kuuza. Urani ya mgodini lazima isafishwe, igeuzwe gesi, irutubishwe, kisha ishindiliwe kuwa vidonge vya kupanga ndani ya vyuma. Hata ukinunua mafuta tayari, kinu kimoja hakipaswi kuzidi kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi. Megawati 1,000 zinadai gridi ya 10,000, na ya Kongo haifiki hata nusu. Kinu kikubwa kikizimika ghafla kwenye gridi ndogo, huiangusha gridi nzima, na pampu zake zenyewe hubaki zikitegemea jenereta za dizeli.