Paka mwenye kifafa na figo zake: maswali na majibu

Tangu paka wangu aanzishiwe fenobabitoni, dawa ya kifafa, anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mpaka barazani. Dawa inamharibu figo?

Yaelekea siyo. Fenobabitoni huvunjwa zaidi na ini, kiasi kingine hutoka na mkojo, na haina sifa ya kuua figo za paka. Kinachojulikana ni kwamba huongeza kiu, mkojo na njaa, pamoja na usingizi na kuyumba, khasa wiki za mwanzo. Mengi ya haya hupungua mwili ukishazoea. Tatizo ni kuwa kiu hiyohiyo ni dalili ya figo kuanza kushindwa. Anayesema "ni dawa tu" akalala huenda anakosea. Anayesema "ni figo" akavitupa vidonge anakosea zaidi.

Sasa nitatofautisha vipi?

Mtazame anavyokula, kisha mpapase mgongo. Paka mwenye kiu ya dawa huwa mlafi, habanduki jikoni, na hunenepa. Mwenye maradhi ya figo hukonda mpaka pingili za mgongo zikahesabika, hunusa samaki akamwacha, hutapika, na mdomo wake hunuka.

Maji nayo yapime. Jaza bakuli kwa chupa yenye alama, kesho yake pima yaliyobaki. Paka wa kilo 4 akizidi mililita 200 kwa siku, hayo ni mengi, na anayelishwa samaki mbichi alitakiwa anywe machache zaidi, kwani samaki ana maji yake. Kwa paka wa Mji Mkongwe anayezurura vichochoroni na kunywa kwenye ndoo za majirani, kipimo hiki ni bure mpaka umfungie ndani siku nzima, tena bila paka mwingine.

Baadaye kuna vipimo vya daktari wa mifugo. Kreatinini ya damu, taka ambayo figo huitoa mwilini, huwa haipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imeshapotea, kwa hiyo majibu mazuri ya damu peke yake yasikutulize. Uzito wa mkojo, yaani jinsi ulivyokolea, huonesha mapema zaidi, na matone machache yanatosha. Ila fenobabitoni nayo inaweza kuufanya mkojo uwe mwepesi. Ndiyo maana mimi husisitiza damu na mkojo vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza: bila majibu hayo ya mwanzo, huna cha kulinganisha. Wiki 2 hadi 3 baada ya kuanza, hupimwa kiwango cha dawa chenyewe katika damu.

Ikiwa figo zimeshachoka, kuna dawa nyingine?

Levetirasetamu hutajwa sana, na kwa ini ni nyepesi. Lakini yenyewe hutoka zaidi kwa mkojo, hivyo figo dhaifu huiacha ijikusanye mwilini. Paka hulala na kuyumba kama mlevi mpaka daktari apunguze dozi. Gabapentini ni vilevile. Bromidi ya potasiamu, wanayopewa mbwa, isipewe paka kabisa: huwaletea baadhi yao kikohozi kikali mfano wa pumu. Vidonge vya diazepamu vya kila siku navyo vimewahi kuua ini la paka kwa ghafla. Kwa hiyo mara nyingi tunarudi kwenye fenobabitoni, kwa dozi inayofuatiliwa kwa karibu zaidi.

Niipumzishe dawa siku chache nione?

Hapana. Kuikata ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo, na hicho ndicho kinachoweza kuumiza figo kweli: misuli iliyokaza muda mrefu hupata joto, huvunjika, na mabaki yake hupita kwenye figo, mkojo ukatoka rangi ya kahawa. Kifafa kikipita dakika 5, mkimbize kwa daktari.

Naweza kununua vidonge vya binadamu?

Dawa ni ileile, lakini kidonge cha miligramu 30 ni kikubwa kwa paka. Wa kilo 4 huenda akaandikiwa robo tu, asubuhi na jioni. Robo hiyo aiamue daktari. Dawa za maumivu za nyumbani usimguse nazo: diklofenaki na ibuprofeni hushambulia figo, na parasetamoli ni sumu kwa paka hata kipande kidogo.

Paka wangu mzee ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza. Jirani anasema amepitiwa na jini.

Mwambie jirani asome dua, nawe mpeleke paka apimwe figo na shinikizo la damu. Figo mbovu hupandisha shinikizo na kuacha uchafu kwenye damu, na vyote viwili vinaweza kuleta kifafa. Hapo dawa ya kifafa peke yake haitoshi. Shinikizo litibiwe, na figo zisaidiwe kwa maji na chakula. Mchunguze macho pia: mboni zikibaki zimepanuka hata juani, huenda shinikizo limeshafika kwenye macho, na hilo halingoji kesho.