Kusanifu kruza ya vita ya mwaka 1908: kwanza uliza itamkimbia nani

Wanafunzi wetu wa usanifu wa meli huwa tunawapa zoezi ambalo msomaji wa kawaida naye anaweza kulifanya kwa penseli na kikokotoo. Mwaka ni 1908. Serikali ya nchi ya kubuni inataka kruza ya vita: manowari yenye mizinga mikubwa kama ya meli nzito za vita, kasi ya kuzipita kruza (manowari za mwendo wa kasi) zote, na deraya, yaani mabamba ya chuma, ya kuilinda. Mshika mbili moja humponyoka, na mteja wetu huyu anataka kushika tatu.

Aina hiyo ya meli ilikuwepo kweli. Chanzo chake ni Admeri John Fisher, aliyeanza kuliongoza Jeshi la Wanamaji la Uingereza mwaka 1904. Chini yake ilijengwa kwanza meli nzito ya vita HMS Dreadnought ya mwaka 1906: takriban tani 18,000, mizinga 10 ya milimita 305, deraya ya ubavuni hadi milimita 279, kasi ya noti 21 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ikafuata kruza ya vita HMS Invincible, iliyokamilika 1908, tani 17,250, mizinga 8 ya kipenyo hichohicho, kasi ya noti 25 na nusu. Uzito ni karibu sawa, kasi imepanda sana. Gharama yake utaiona ubavuni, ambako deraya ilikuwa na unene wa milimita 152 tu.

Wanafunzi wengi huanza na mizinga. Mimi huwaomba waanze na orodha ya maadui: nani wa kufukuzwa, nani wa kukimbiwa. Tarehe 8 Desemba 1914, karibu na visiwa vya Falkland, Invincible na mwenzake Inflexible waliwakimbiza Scharnhorst na Gneisenau, kruza za Kijerumani ambazo mizinga yake mikubwa ilikuwa ya milimita 210, wakawazamisha wote wawili. Ndiyo kazi waliyochorewa. Lakini meli yenye mizinga ya milimita 305 humtamanisha kila admeri kuipanga katika mstari wa mapigano pamoja na meli nzito. Kwenye vita vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, Invincible ilikabiliana na kruza za vita za Kijerumani zenye deraya nene kuliko yake. Kombora lilipiga mnara wa mizinga wa katikati, ghala la baruti likalipuka, meli ikakatika vipande viwili. Kina cha bahari pale ni kifupi kuliko urefu wa meli ile, kwa hiyo omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, vilibaki vimesimama juu ya maji huku sehemu zilizokatika zimekita chini. Walikufa watu 1,026, wakaokolewa 6.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kukadiria nguvu ya mitambo, chukua uzito wa meli kwa tani, uupandishe kwa kipeo cha theluthi mbili, uzidishe kwa kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha tatu, kisha ugawe kwa namba inayotokana na meli zilizokwisha kujengwa. Kwa Invincible, iliyosanifiwa kwa nguvu farasi 41,000, namba hiyo ni 270. Kwa Dreadnought, yenye 23,000, ni kama 277. Kasi zao zinaachana kwa zaidi ya noti nne, lakini namba hazipishani sana, na ndiyo maana wasanifu wa enzi hizo waliiamini njia hii kwa makadirio ya mwanzo.

Tuseme meli yetu ina tani 20,000. Kwa noti 26 inahitaji nguvu farasi 48,000 hivi. Mteja anapiga simu: adui anajenga meli ya noti 27, kwa hiyo yeye anataka 28. Noti mbili tu! Rudia hesabu upate karibu 60,000. Nyongeza ya 12,000 ni zaidi ya nusu ya nguvu yote ya Dreadnought.

Nguvu hiyo inatoka kwenye makaa. Invincible ilikuwa na boila (matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke) 31, kila moja ikizalisha kama nguvu farasi 1,300. Kwa kiwango hicho, meli yetu ya noti 26 inataka boila 37, na ya noti 28 inataka 46. Boila tisa zaidi ni chumba kingine kizima cha moto, bomba jingine la moshi, na mabaharia wa kukoroga makaa zamu baada ya zamu. Mitambo ya wakati huo ilikuwa na uzito wa takriban tani moja kwa kila nguvu farasi 12, kwa hiyo mteja ametuongezea karibu tani 1,000.

Linganisha na deraya. Mkanda wa chuma wa urefu wa mita 120 na kimo cha mita 3.5, pande zote mbili, ni mita za mraba 840. Ukiwa na unene wa milimita 152 una uzito wa karibu tani 1,000. Unene wa milimita 229 unafika tani 1,510, na ule wa milimita 279, kama wa Dreadnought, tani 1,840. Kwa maneno mengine, zile noti mbili zina uzito kuliko tofauti kati ya mkanda wa Invincible na wa Dreadnought. Nakiri kwamba mkanda si deraya yote. Kuna sitaha, minara na kuta za ndani. Hata hivyo hesabu inazidi kuegemea upande uleule, maana chumba kipya cha boila nacho kinataka kulindwa, na kila mita 10 za mkanda wa milimita 229 zinaongeza tani 126.

Wajerumani walichagua tofauti. Von der Tann, iliyoshushwa majini mwaka 1909, iliridhika na mizinga 8 ya milimita 280, midogo kuliko ya Waingereza, ikavaa mkanda wa hadi milimita 250. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa kiusanifu uliokuwa wa busara kuliko yote ya miaka ile.

Mizinga haina maneno mengi. Weka minara minne ya mizinga miwili miwili, yote kwenye mstari wa katikati. Invincible iliweka minara miwili ya kati kimshazari ili mizinga yote 8 iweze kulenga upande mmoja, lakini mlipuko wa mnara mmoja uliwataabisha wapigaji wa mnara wa pili. Na usishawishike kuendesha minara kwa umeme. Invincible ilijaribu, mitambo ikasumbua kwa miaka, mwisho ikang'olewa na kuwekwa ya nguvu ya maji.

Kina cha chombo nacho kiandikwe mapema kwenye karatasi. Meli kama hii huzama majini kiasi cha mita 8. SMS Königsberg, kruza nyepesi ya Kijerumani iliyoizamisha HMS Pegasus hapo Zanzibar Septemba 1914, ilipojificha ndani ya delta ya Rufiji, kruza ya vita isingeweza kuifuata. Kazi iliishia kwa Severn na Mersey, vyombo vya mwendo wa kobe vilivyohitaji maji yasiyofika mita 2, Julai 1915.

Linabaki ghala la baruti, na hapa msanifu asiwe na haraka. Januari 1915, kwenye vita vya Dogger Bank, kombora la HMS Lion lilipenya mnara wa nyuma wa Seydlitz ya Kijerumani. Baruti iliyokuwa njiani kwenda juu ikashika moto, moto ukaruka hadi mnara wa jirani, wakafa zaidi ya watu 150. Meli ilisalimika kwa sababu Wilhelm Heidkamp alifungua kwa mikono mitupu vali zilizokuwa zimeiva kwa moto, maghala yakajaa maji. Baada ya hapo Wajerumani walipunguza baruti inayokaa nje ya ghala. Baruti yao kuu pia ilikuwa ndani ya ganda la shaba, wakati ya Waingereza ilikuwa kwenye mifuko ya hariri. Katika kikosi cha kruza za vita za Uingereza, milango iliachwa wazi na mifuko ikarundikwa karibu ili mizinga ifyatue upesi. Jutland iliwachukulia tatu: Indefatigable, Queen Mary na Invincible.

Kwa hiyo kwenye mchoro wetu, kati ya ghala na lifti ya baruti kuna milango miwili iliyounganishwa kwa mtambo mmoja: wa kwanza ukifunguka, wa pili hauwezi kufunguka. Mteja atalalamika kwamba kila mzinga unapoteza sekunde kadhaa. Mjibu kwamba kufuli hiyo ina uzito wa kilo chache, halafu mrudishe kwenye zile tani 1,000 za noti mbili.