PE ikiwaka, bado hujui upana wa maagizo

Jana alasiri kijana kaniletea kompyuta yake barazani hapa Langoni, Lamu. Mashine pepe aliyoiandika mwenyewe, emuleta inayoigiza prosesa ya x86, inajiwasha upya bila kukoma. Nikamuuliza emuleta inajuaje mgeni, yaani programu inayoendeshwa ndani yake, yuko modi gani. "Naangalia CR0, Maalim. PE ikiwa moja, ni biti 32."

CR0 ni rejista ya udhibiti ya prosesa, na PE ni biti yake inayowasha modi linzi. Nimechoka na jibu hili. Kila anayeanza kazi hii huja nalo, na si kweli.

PE ikiwaka umeingia modi linzi, naam. Lakini upana wa maagizo hautoki CR0. Unatoka kwenye biti D ya deskripta (maelezo ya segmenti) ya CS, rejista ya segmenti ya msimbo, na prosesa hutumia nakala yake ya ndani, ambayo programu haiioni. Nakala hiyo haiguswi mpaka CS ipakiwe upya. Kwa hiyo baina ya MOV CR0, agizo linaloiwasha PE, na mruko wa mbali, unaoipakia CS upya, mgeni yumo modi linzi na bado anatekeleza maagizo ya biti 16. Nahodha anayebisha anaijua hali hiyo: usukani umeshageuka, tanga bado liko upande ule ule.

Tukazisoma baiti za mruko wake: 66 EA 00 00 10 00 08 00. Katika biti 16, kiambishi 66 hupanua ofseti, anwani ndani ya segmenti: ruka 0x100000, selekta (namba ya segmenti jedwalini) 0x08, segmenti ya msimbo. Emuleta ilishajidhania biti 32, na huko 66 hupunguza. Ikasoma ofseti 0, selekta 0x10. Katika jedwali lake la segmenti 0x10 ni data! Huruki kuingia kwenye data. Likaja kosa la ulinzi, IDT, jedwali la kushughulikia makosa, haijapangwa, makosa yakafika matatu, mashine ikajiwasha upya.

Kurudi nyuma ni vivyo hivyo. Kuizima PE hakurudishi mipaka ya segmenti, na programu za DOS zilitumia njia hiyo kufikia GB 4 zikiwa modi halisi, ile ya biti 16 ambayo prosesa huanza nayo. Wala usikokotoe besi kwa kuzidisha segmenti mara 16 kila wakati: prosesa inapowashwa CS ni F000, lakini besi ni FFFF0000. Modi ndefu, ile ya biti 64, nayo: biti LME ni ombi, biti LMA ndiyo jibu, kisha tazama CS.L, biti inayosema kama msimbo ni wa biti 64.

VT-x ya kwanza, msaada wa Intel kwa mashine pepe ndani ya prosesa, 2005, haikumpokea kabisa mgeni ambaye PE na PG (biti ya kurasa za kumbukumbu) zake zimezimwa. Modi halisi ilibidi iigizwe, hadi prosesa za Westmere za 2010.

Linalonisumbua ni hili. Kitabu cha Intel kinataka mruko ufuate MOV CR0 papo hapo, na kinaonya kwamba ukichomeka maagizo mengine katikati huenda mambo yakaharibika ovyo. Programu nyingi za zamani zinayachomeka, na chipu inazibeba. Mimi naifuata chipu, kwa sababu mgeni aliandikwa juu yake, ingawa sina raha kufundisha kinyume cha kitabu.

Kijana akabadilisha mstari mmoja, upana usomwe kwenye nakala ya CS. Kabla ya adhana ya magharibi kerneli yake ilikuwa imeshafika 0x100000.