Ahadi za tabianchi za waunda mitambo ya umeme: anza na kundi la 11

Ripoti ya tabianchi ya kampuni inayounda mitambo ya umeme mimi huisoma kuanzia nyuma, kwenye majedwali. Natafuta Skopu 3, yaani gesi joto zinazotoka nje ya kampuni kwa sababu ya biashara yake, na humo kundi la 11: matumizi ya bidhaa zilizouzwa. Kurasa za mbele husifu paneli za jua juu ya paa la kiwanda na magari ya umeme ya ofisi. Hayo yanagusa Skopu 1, yaani mafuta na gesi ambayo kampuni inachoma yenyewe, na Skopu 2, umeme inaonunua. Ni kazi ya maana, ila moshi mwingi hauko huko.

Tupige hesabu. Mtambo wa gesi asilia wa megawati 400, ule ambao joto la moshi wake linachemsha maji ili mvuke nao ufue umeme, una ufanisi wa asilimia 60. Kwa kipimo cha IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, gigajouli moja ya gesi asilia hutoa kilo 56.1 za hewa ukaa. Megawati-saa moja ni gigajouli 3.6. Basi 56.1 × 3.6 ÷ 0.6 ni kilo 337 kwa kila megawati-saa. Ukifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka kwa nguvu zote, unatoa tani 808,000 hivi. Kanuni za GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, zinataka hewa ukaa ya maisha yote ya mtambo iandikwe kwenye mwaka ulipouzwa. Kwa miaka 25 ni tani milioni 20, na huo ni mtambo mmoja.

Sasa badilisha saa 6,000 ziwe 3,000. Tani milioni 10 zimetoweka kwenye karatasi, na mtambo ni ule ule. Ndiyo maana nauliza kwanza: saa, miaka na ufanisi vilivyotumika mwaka huu ni vile vile vya mwaka wa msingi, ule ambao ahadi inalinganishwa nao? Kama vimebadilika, mwaka wa msingi nao ulipigiwa hesabu upya? Ufanisi nao una mtego wake. Asilimia 60 ni ya mtambo mpya ukiwa na mzigo kamili. Mzigo ukipungua, nao hushuka. Wastani ukiwa 58 tu, mtambo huo unaongeza karibu tani 700,000 katika maisha yake. Kosa jingine ni kuchanganya thamani ya joto ya juu ya gesi (inayohesabu pia joto lililo kwenye mvuke wa maji wa moshi) na ya chini (isiyolihesabu). Kile kipimo cha 56.1 kinakwenda na thamani ya chini, na zikichanganywa jibu linapotoka kwa karibu asilimia 10.

Moshi huo huo unaonekana pia kwenye Skopu 1 ya mwenye kituo. Gesi inayochomwa Kinyerezi, Dar es Salaam, ni Skopu 1 ya mwendeshaji na Skopu 3 ya aliyeuza mtambo. Ndivyo kanuni zinavyotaka. Usijumlishe tu vitabu viwili.

Siemens Energy, kampuni ya Ujerumani inayounda mitambo ya umeme, ni mfano mzuri wa kusoma ahadi. Iliahidi shughuli zake yenyewe zisiongeze gesi joto ifikapo 2030, na kwa bidhaa zilizouzwa ipunguze asilimia 28 ifikapo mwaka huo ikilinganishwa na 2019. Hiyo ya pili ndiyo nzito, na ni ya jumla ya tani, si kwa kila megawati iliyouzwa. Novemba 2020 ilitangaza kuacha zabuni mpya za vituo vya makaa ya mawe, lakini huduma kwa vituo vilivyopo ikaendelea.

Halafu kuna SF6, gesi ya kuhami umeme ndani ya swichigia, yaani vifaa vya kuwasha, kuzima na kulinda njia za umeme. Kilo moja ikivuja ni sawa na tani 23.5 za hewa ukaa kwa miaka 100. Kiwandani hesabu yake ni ya mizani: gesi iliyokuwepo Januari, ongeza iliyonunuliwa, toa iliyobaki Desemba, iliyomo kwenye vifaa vilivyouzwa na iliyorudishwa kwa msambazaji. Kinachobaki kimevuja. Mitungi 40 ikirudishwa na kilo moja moja ndani bila kupimwa, daftari litaonyesha uvujaji wa tani 940 ambao haukutokea. Hatari zaidi ni kutumia kilo zilizoandikwa kwenye kibati cha kifaa badala ya zilizojazwa kweli: kibati kikizidi, uvujaji halisi unafichika.

Tangu 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya unazuia, isipokuwa kwa hali maalumu, kuwasha swichigia mpya za SF6 za hadi kilovolti 24. Za hadi 52 zinafuata 2030. Njia zetu za usambazaji hapa Tanzania ni za kilovolti 11 na 33, na nahofia vifaa visivyouzika huko vitatafuta soko huku. Kwa kilovolti 11, andika kwenye zabuni: swichi ya ombwe (inayokata umeme mahali pasipo na hewa), uhami wa hewa kavu. Kama SF6 haiepukiki, dai kilo za gesi kwa kila kifaa, uvujaji usiozidi asilimia 0.5 kwa mwaka, na mkataba wa muuzaji kuichukua gesi kifaa kikichakaa.