Slabu ya boriti na matofali ya kujazia
Hii ni sakafu ya ghorofa yenye sehemu tatu: boriti nyembamba za zege zinazotengenezwa yadi au kiwandani, matofali yanayopangwa katikati yake, na zege la sm 5 hivi linalomwagwa juu. Kutoka kati ya boriti moja hadi kati ya nyingine huwa sm 50 hadi 60.

Matofali hayo hayabebi ghorofa. Slabu ikilemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege ni dhaifu likivutwa, hivyo huko chini kazi ni ya nondo. Tofali linashika nafasi ya zege ambalo lingeongeza uzito tu. Slabu ya kawaida ya sm 20 ina kilo 480 hivi kwa mita ya mraba. Hii huwa karibu 300, kutegemea tofali. Kwa mita za mraba 100, zege la kumwaga hushuka kutoka mita za ujazo 20 hadi 7 au 8, na chini hakupigwi mbao eneo zima, ni mirunda (nguzo za muda za kushikilia) tu.

Boriti hulazwa kufuata upande mfupi wa chumba (wajenzi wa kale wa Lamu na boriti zao za mikoko walifanya vivyo hivyo) na zikalie ukuta angalau sm 10. Kwanza weka tofali moja kila mwisho wa boriti ili nafasi zilingane, ndipo ujaze katikati. Matundu ya matofali ya mwisho yazibwe, la sivyo zege litaingia ndani. Mirunda isimame kwenye ardhi ngumu, kila mita 1.5 hivi, kabla ya kumwaga. BRC (wavu wa nyaya za chuma unaolala ndani ya zege la juu) inyanyuliwe kwa biskuti, yaani vipande vidogo vya zege. Ikilala juu ya matofali haisaidii kuzuia nyufa.

Matofali makavu hunyonya maji ya zege, basi yalowanishwe. Zege lisirundikwe sehemu moja, na wabebaji wapite juu ya mbao zilizolazwa kukatiza boriti, maana tofali la katikati huvunjika. Mirunda ikitolewa mapema slabu hubonyea na kubaki hivyo.

Kosa linalosahaulika zaidi ni ukuta wa kugawa vyumba. Ukuta huo ukifuata mwelekeo wa boriti, chini yake zilazwe boriti mbili pamoja. Bomba la choo nalo lipite kwenye tofali, kamwe lisikate boriti.